Mgeni Aliyechora Mageti ya Gurei

Teresina alikuwa mtu wa kushuku. Muuza nyanya wa soko la Konyo Konyo akimwongezea moja ya bure, aliigeuza-geuza kutafuta palipooza. Tusimcheke sana. Alikimbilia Uganda akiwa na mimba, akarudi Juba na mtoto wa miaka kumi na moja, na katika safari zote mbili waliomwangusha walikuwa watu waliomchekea usoni.

Kazi yake ilikuwa kuchora milaya, yale mashuka ambayo wanawake wa Juba huyadarizi kwa nyuzi za rangi. Wadarizi ni wengi, lakini wa kuwachorea kwanza tausi na maua kwa kalamu ya wino ni wachache, na mtaa mzima wa Gurei ulimjua yeye. Hakutumia rula, na alikuwa na maringo yake kidogo kwa hilo.

Machi 2016, mwaka wa tatu wa vita, mvua za kwanza zilipotuliza vumbi, kikundi cha kina mama aliokuwa akiwachorea kilimletea mgeni wa kukaa kwake miezi mitatu. Aliitwa Suzan, mwanafunzi wa usanifu wa vitambaa kutoka Nairobi. Wazazi wake ni wa huku huku, ila yeye alizaliwa ukimbizini Kenya, Juba alikuwa hajawahi kuiona, na Kibari chake, lugha ya wazazi, kilikuwa cha kuombea maji tu. Amekuja mafunzo ya kazi, akasema, ajifunze milaya na kuzunguka mji akitafuta mapambo ya kuchora.

Nani anaacha Nairobi yenye umeme, akaja kutafuta mapambo vitani? Machale yalimcheza Teresina tangu siku hiyo, na alikuwa na sababu. Sababu yenyewe iliitwa Lodu, mwanawe wa pekee, miaka ishirini. Tangu Januari wanaume wa pikapu walikuwa wakiokota vijana mitaani na kuwapeleka vitani. Teresina akamfungia Lodu katika chumba cha nyuma, chakula akimpitishia dirisha dogo la upande wa ukuta, akawatangazia majirani kwamba amekwenda Arua, Uganda, kwa mjomba wake. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la nguo. Kumkataa mgeni kungezaa maswali, kwa hiyo alimpokea roho ikiwa juu juu.

Suzan hakutulia. Kila asubuhi alipanda boda boda na daftari kwapani. Alikwenda Rejaf, kando ya Nile, akachora nyavu zilizoanikwa, akaenda sokoni akachora mafungu ya samaki, kisha akaanza kuchora mageti ya Gurei, moja baada ya jingine.

"Wewe nachora geti ya watu ya nini?" Teresina alimuuliza.

"Mapambo tu, Auntie. Hizo chuma wamezikunja poa sana."

"Na nani nakaa ndani, pia wewe naandika?"

"Sasa Auntie, hiyo nitajulia wapi?" Suzan akacheka.

Teresina hakucheka. Asubuhi moja, binti akiwa bafuni, alilifunua daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa ua wake mwenyewe: jiko, kamba ya nguo, na mlango wa chumba cha nyuma, kufuli limechorwa hadi tundu la ufunguo. Akaketi kitandani kwa mgeni.

Siku hiyo hiyo alimwendea Saturnino, mkubwa wa mtaa, waliyejuana tangu Uganda.

"Mimi nasema tu. Huyu binti natembea sana, nachora sana. Wewe shika yeye kule sokoni, rudisha yeye kwao."

"Khalas, mama. Mafi muskila," Saturnino akamjibu, yaani basi, hakuna shida.

Alirudi nyumbani amepata nafuu kama mtu aliyetua ndoo. Hakufikiria kwamba anayeshukiwa upelelezi hupekuliwa anakolala. Kesho yake wanaume watatu wa usalama wenye bunduki waliingia uani kwake, Saturnino nyuma yao akitazama viatu vyake mwenyewe.

Kiongozi wa hao watatu alimpokonya Suzan daftari, akalifungua, akafika ule ukurasa wa mwisho, akainua macho kwenye mlango wa nyuma.

"Hii kufuli ya nini?"

Teresina alikamata pindo lenye ufunguo. Aliyejibu ni Suzan.

"Hiyo ni stoo ya makaa. Mimi huingia kila siku, kuna panya tu. Mnanitaka mimi ama mnataka makaa? Twende basi."

Akatangulia kwenda kwenye gari bila hata kuvaa viatu. Hakumtazama Teresina. Wanaume waliguna, mmoja akacheka, wakamfuata.

Mchana Saturnino alileta habari kwamba hawakumpiga. Wamempakia basi la Nimule, mpakani mwa Uganda, na wamebaki na daftari. Teresina alishukuru Mungu, akapakua ugali wa asida, akaenda kuipitishia dirishani kwa mwanawe.

Lodu hakupokea. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Mama, yale mageti mimi ndiye niliyemwomba achore," alisema. "Ukienda kwenye kikundi, alikuwa anakaa hapo chini ya dirisha ananionyesha mji. Nilitaka kuona kama kwa kina Romano, rafiki yangu, wamepaka geti rangi. Nilitaka kuona Rejaf."

"Na huu mlango?"

"Huo pia. Miezi mitatu sijauona kwa nje."

Teresina aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Miaka yote ya kushuku watu, na huyu mmoja aliyemwokolea mtoto, yeye mwenyewe amemchongea.

"Nani alikwenda kumsema?" Lodu aliuliza. "Ni jirani?"

Angeweza kusema ni jirani. Majirani walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja ambaye hangeweza kusingiziwa.

"Ni mimi," alisema.

Lodu alinyoosha mkono, akalivuta dirisha, akalifunga kwa ndani.