Zinki Kwenye Mhimili

Nilitoka Kisumu kuja Kampala kusomea protini za vimelea vya malale. Fuwele zetu, yaani protini zilizogandishwa kwa mpangilio kama chembe za chumvi, zilipigwa eksirei ng'ambo, data ikarudi kwa mtandao, nami nikabaki na kazi ya kompyuta: unajenga umbo la protini, kisha programu inasogeza kila atomi kidogo kidogo mpaka umbo likubaliane na data. Langu lilikataa. Raundi za kwanza lilitulia, kisha atomi zikaanza kurukaruka kama bisi kwenye sufuria. Nikalegeza hiki, nikakaza kile, wapi! Msimamizi wangu akaniambia kwa upole tutafute fuwele nyingine. Hatukuwa nayo.

Nikampigia dada mmoja Mkongo, mwenzetu wa maabara aliyenitangulia mbali katika kazi hii. Alikuwa nyumbani Old Kampala, likizo ya uzazi. Nilitaka ushauri wa simu tu.

"Ningoje, nakuja," akasema, na kabla ya saa sita mchana akaingia, mtoto mgongoni.

Akanikabidhi mtoto, akaketi.

"Umejaribu kuondoa nini?"

"Sijaondoa kitu, dada. Nabadilisha mipangilio tu."

"Basi tuondoe. Molekuli za maji ulizoweka kwanza, halafu ile atomi ya zinki."

Maji yalipotoka, fujo ikaendelea. Zinki ilipotoka, umbo likatulia tuli. Nilikuwa nikizunguka meza nikimbembeleza mtoto. Nikasimama papo hapo.

"Sogea uone, kaka."

Zinki ilikaa juu kabisa ya mhimili wa ulinganifu, pale protini mbili jirani zinapokutana na kugawana atomi hiyo moja. Mimi nilikuwa nimeipa kila protini zinki yake nzima. Programu ikaona zinki mbili zimekalia kiti kimoja, ikawa inazisukuma, nazo zinavuruga kila kilicho karibu. Akairudisha, kila protini ikihesabiwa nusu tu ya zinki. Raundi zikapita salama, moja baada ya nyingine.

"Mimi hii ilinitesa sana kule Bukavu," akasema akimpokea mwanawe. "Sikuwa na mtu wa kumuuliza."

Nilimwambia asante, ikaonekana ndogo mno.

Siku ya kutetea tasnifu yangu alikuja, akaketi nyuma. Mtahini mmoja akauliza habari za zinki ile. Nikaeleza, kisha nikamwonyesha kwa mkono: aliyeiona ni yule. Ukumbi mzima ukageuka, ukampigia makofi. Nilifurahi kuliko nilipoambiwa nimefaulu.