Kuta za Kubomoa

Miaka ya tisini nilifundisha uashi katika chuo kidogo cha ufundi nje ya mji wa Migori. Wanafunzi wangu walijenga kuta za mazoezi kwa matofali na udongo. Nikishazikagua, walizibomoa ili matofali yatumike tena. Tulisomea nje, maana darasa hatukuwa nalo.

Harambee ya kujenga darasa ilipofanyika, niliiomba kamati itununulie saruji tu, tujijengee. Mwenyekiti alinikatiza: "Mwalimu, hii si kazi ya mazoezi. Hao ni watoto."

Kazi akapewa kontrakta kutoka Homa Bay. Alikuja na mafundi wanne, na wote wakanisalimu, "Mwalimu!" Niliwafundisha mimi, pale pale. Nilimwendea mwenyekiti nikamweleza. Akanijibu kwamba hao sasa ni watu wa kontrakta. Upuuzi gani huo! Cheti walipewa na nani, kama si chuo hicho hicho?

Siku ya ufunguzi kamati ilipapasa kuta na kumsifu kontrakta. Wanafunzi wangu walipiga makofi kama walivyoagizwa, kisha wakarudi nyuma ya jengo kubomoa ukuta wao.