Mama Brashi na Doa Jeupe la Ng'ambo

Hakuna pembe ya wilaya hii ambayo mwandishi wa makala haya hajaikanyaga. Ni wilaya ndogo, kipande cha nchi kilichobanwa kati ya barabara kuu na bahari, na mtu akiipita kwa baiskeli huku ana mawazo anaweza kujikuta wilaya ya jirani kabla hajakumbuka kupiga kengele. Kwa hiyo aliposikia kuna mwanamke anaichora yote ukutani, mwandishi alikwenda kama mwalimu anayekwenda kusahihisha mitihani.

Saa mbili asubuhi. Mwanamke huyo yuko juu ya ngazi nje ya ofisi ya wilaya, kitambaa kichwani, amevaa shati la mumewe ambalo sasa lina kila rangi isipokuwa ile lililonunuliwa nayo. Mkono wa kushoto umeshika kopo, wa kulia brashi, na penseli imechomekwa kwenye kitambaa juu ya sikio.

“Sogea hapo chini,” anasema bila kugeuka. “Bahari inadondoka.”

Mwandishi anasogea. Tone la bluu linatua mahali alipokuwa amesimama.

Hakuna anayemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Mji mzima unamwita Mama Brashi, na ukiingia mjini umeshakutana naye kabla hujamwona: bango la duka la dawa ni lake, namba za madarasa ya shule ni zake, na ile picha ya kichwa kwenye kibanda cha kinyozi ni yake pia. Kinyozi bado hajamsamehe. Wateja huja, wananyoosha kidole kwenye picha na kusema wanataka mtindo kama ule, na hajazaliwa mtu wa kuunyoa.

“Mimi nilichora nywele, sikuahidi kuzikata,” anasema Mama Brashi. “Kila mtu na fani yake.”

Kazi hii aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa akiandika majina ya maduka. Alianza kwa kumshikia ngazi, akapanda kidogo kidogo, na siku macho ya mzee yalipochoka, wakabadilishana nafasi. “Akawa anashika ngazi yeye, huku ananikosoa kutoka chini. Mpaka leo nikiandika herufi ikaegemea, namsikia.”

Ramani ni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Alipiga mistari ya miraba ukuta mzima kwa uzi uliopakwa chaki, akahamisha mraba mmoja mmoja kutoka kwenye mchoro aliopewa na ofisi. Tabu yake ni moja: wilaya hii ina maji mengi kuliko ardhi, na kopo moja la bluu ni ujira wake wa siku tatu.

“Bahari ya karibu naipaka nzito,” anaeleza. “Ya kule mbali naizimua. Nani atakwenda kuikagua?”

Mwandishi alimweleza kuwa ukaguzi si taabu kwake, maana wilaya yote anaijua.

“Mpaka Ng'ambo?”

“Kama kiganja changu.”

“Afadhali nimepata msaidizi. Ule mlango wa kijani, nyumba ya kwanza ukifika, uko kulia au kushoto?”

“Kulia.”

Mama Brashi aliendelea kupaka, taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. “Kule hakuna mlango wa kijani, kaka. Milango yote ya Ng'ambo nimeipaka mimi.”

Ng'ambo ni ulimi wa mchanga upande wa kaskazini, karibu na mdomo wa mto. Maji yakitoka, unatembea kwa miguu kutoka bara, tope likiwa na roho nzuri. Maji yakijaa, panakuwa kisiwa. Kwenye ukuta wa ofisi, mahali hapo palikuwa bado ni doa jeupe, ukubwa wa kiganja, katikati ya bluu yote ile. Kila kitu kingine kilikuwa tayari: mto, mashamba ya chumvi, mji na mabati yake, mwamba wa kusini, na vijiji vyote vikiwa na nukta nyekundu.

Nukta hizo si mapambo. Wilaya imenunua boti ya abiria, na ilikuwa ianze safari Ijumaa ya wiki ile. Penye nukta nyekundu, boti inasimama. Pasipo na nukta, inapita.

Katika mchoro wa ofisi, Ng'ambo ilikuwa mchanga mtupu. Na mama yake mzazi Mama Brashi anaishi Ng'ambo.

“Magoti yake yameanza kukataa tope, anavuka kwa kujikokota,” anasema, na hapo tu ndipo alipoweka brashi chini. “Mwaka jana alishikwa na homa, maji ndiyo kwanza yanajaa. Akalala anaisubiri bahari itoke, kama unavyomsubiri mgeni asiyejua kuaga. Ilipotoka nikambeba mgongoni. Tope hapa, magotini. Na yeye njia nzima ananifundisha kutembea.”

Mlango wa ofisi ulifunguka, akatoka afisa mipango, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitazama ukuta, macho yakaenda moja kwa moja kwenye doa.

“Hapo bado, mama?”

“Hapo bado.”

“Jana pia ulisema bado.”

“Jana pia palikuwa bado.”

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa tai. “Mama Brashi, mimi sina ugomvi na mama yako. Najua yupo. Lakini boti haiwezi kusimama kwa ajili ya mtu mmoja. Wahesabu watu walikwenda kule, wakabisha hodi kila mlango, hakuna aliyeitika. Kwenye hesabu yetu pale ni mahame. Na si sisi tu, hata gazeti liliandika mwezi uliopita. Mwandishi wao alifika mwenyewe, akakuta kimya.”

Mwandishi wa makala haya aliinama kufunga kamba za viatu. Siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

“Mahame,” alisema Mama Brashi. “Na mimi ninayekwenda kule kila Jumapili nikarudi nimekaripiwa na mtaa mzima, huwa nakaripiwa na kaa?”

“Mimi nafuata hesabu.”

“Nikuulize basi. Hao wahesabu wako walikwenda maji yakiwaje?”

“Yametoka, bila shaka. Boti hatukuwa nayo. Ulitaka waogelee?”

Mama Brashi alimwangalia afisa, akaangalia doa, akaanza kucheka mpaka ngazi ikatikisika na afisa akakimbilia kuishika.

“Boti lazima ijaribiwe kabla ya Ijumaa, si ndiyo?” alisema akijifuta macho. “Ijaribuni kuelekea kwa mama. Lakini twende maji yakiwa yamejaa.”

Jumatano mchana boti iliondoka gatini na watu wanne: nahodha, afisa mipango, Mama Brashi, na mwandishi, ambaye alijaribu kueleza kuwa ana kazi nyingi ofisini lakini alikuwa ameshashikwa mkono.

Kutoka majini, wilaya nzima inaingia kwenye jicho moja. Kusini mwamba, kaskazini mto, katikati mji uliojipanga kando ya barabara kama watu wanaosubiri basi. Na ndivyo ulivyo. Afisa alisema wakazi wengi ni wazee, akina mama na watoto, kwa kuwa vijana wakimaliza shule hupanda gari la kwanza wakaenda kutafuta kazi.

“Wilaya yetu inazaa vizuri,” Mama Brashi alimuunga mkono. “Haijui tu kufunga mlango.”

Boti ilipokaribia Ng'ambo, milango ndiyo iliyotangulia kuonekana: mmoja wa bluu iliyobaki kwenye kazi ya zahanati, mmoja mwekundu wa kinyozi, mmoja wa njano iliyokuwa ya duka la simu. Wa kijani hakuna. Halafu ukaonekana moshi. Nguo kwenye kamba. Mwanamke akimsuka mwenzake kwenye kizingiti, wanaume wawili wakibishana juu ya paa, na watoto wasio na idadi ambao tayari walikuwa wanakimbilia maji.

Afisa aliteremka, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Mwandishi alijitolea kubaki kulinda boti, kofia ameivuta mpaka puani. Hakukosa kitu, maana watu wa Ng'ambo hawazungumzi, wanatangaza.

Kwanza afisa alijaribu kuwahesabu watoto. Aliwapanga mstari. Waliohesabiwa wakawa wanazunguka nyuma ya nyumba na kujipanga tena mwishoni, kwa kuwa mchezo ulikuwa umewakolea. Mtoto mmoja mwenye pengo alihesabiwa mpaka afisa mwenyewe akamzoea.

“Wewe si nilishakuhesabu?”

“Yule alikuwa ndugu yangu.”

“Mwenye pengo hilohilo?”

“Tulianguka pamoja.”

Afisa akaachana nao, akamwendea bibi mmoja aliyekaa mlangoni kwake, anafungua chaza kwa kisu kifupi. Huyo ndiye mama yake Mama Brashi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Vaa viatu, hapa pana magamba.”

“Mama, watu wetu walikuja hapa kuhesabu watu. Hawakukuta mtu hata mmoja.”

“Tuliwaona.”

“Mliwaona?”

“Wakati huo sote tuko kule mchangani, tunaokota chaza. Maji yakitoka mtu mzima akae ndani afanye nini, aangalie paa? Sasa tukawaona wageni, wanazunguka nyuma ya nyumba hii, nyuma ya nyumba ile, wanachungulia huku na huku, wana haraka. Tukasema masikini, wamebanwa, wanatafuta choo. Tukawapa migongo wajisaidie kwa nafasi. Tulipogeuka, wameshakwenda.”

Afisa alishusha viatu mchangani, akavivaa.

“Na hakuna aliyewaita?” aliuliza afisa.

“Wewe ukiwa katika hali ile ungependa kuitwa?”

Mama Brashi alikuwa ameketi mchangani, hana nguvu ya kusimama kwa kicheko. Afisa naye alijikaza, akajikaza, kisha akashindwa.

“Kwa hiyo,” alisema alipopata pumzi, “mtu anaweza kufika huku pale tu nyinyi mnapokuwa hampo.”

“Na tukiwapo, hafiki,” bibi alikubali. “Ndiyo raha ya hapa. Hata wakwe hawatusumbui.”

Ijumaa asubuhi doa jeupe halikuwapo. Palikuwa na mchanga wa rangi ya biskuti, na juu yake nukta nyekundu iliyokuwa kubwa kuliko ya mji. Afisa alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

“Mama Brashi, makao makuu ya wilaya yana nukta ndogo kuliko Ng'ambo?”

“Ni brashi, mkuu. Imetanuka.”

Afisa alitikisa kichwa. Siku hiyohiyo alimpa kazi ya kuandika vibao vya vituo vyote vya boti, na cha kwanza Mama Brashi ameshakichora kichwani. Kitasimama Ng'ambo, herufi nene, kisomeke kutoka majini: BOTI HUFIKA MAJI YAKIJAA. MAJI YAKITOKA, TUTAFUTENI MCHANGANI. Baada ya hapo anataka ukuta wa shule ya sekondari, mrefu mara mbili ya huu, achore watu badala ya mipaka.

“Nimeshaichora nchi,” anasema. “Sasa nataka nichore wenyewe. Nitaanza na huyo anayekuja.”

Aliyekuwa anakuja ni mama yake, ameshuka kwenye safari ya kwanza ya boti, viatu vyake vya kutokea vikiwa vikavu mguuni. Alitembea polepole mpaka ukutani, akaangalia mto, mji na mwamba, kisha akainua fimbo na kugusa nukta.

“Hapa ndipo mimi?”

“Ndipo wewe, mama.”

“Mbona umenifanya nyanya?”

Watu walicheka, na mwandishi alicheka kwa sauti kuliko wote. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Bibi aligeuka. Alimtazama kutoka ndala mpaka kofia, akarudi tena kwenye kofia.

“Mwanangu, hiyo kofia naijua. Wewe si yule uliyekaa kwenye ukingo wa gati mwezi uliopita, ukala chaza zangu, ukaniuliza kule ng'ambo anaishi nani? Nikakwambia mimi. Ukasema, mama, wewe uko hapa, nauliza kule. Ukaandika kitu, ukaondoka.”

Afisa mipango alivua miwani. Mama Brashi akaanza kushuka ngazi, brashi bado inadondosha nyekundu.

“Nilitaka sana kuvuka,” mwandishi alisema. “Lakini siku ile maji yalikuwa yamejaa.”

“Yalikuwa yametoka, mwanangu,” alisema bibi. “Vinginevyo mimi ningefikaje kukuuzia chaza?”