Mdomo Wangu Ulicheza Bila Sauti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kwa beseni nafua, niliimba wimbo wa Kitamil kutoka mwanzo mpaka mwisho na sijui hata neno moja. Usinicheke. Nilikuwa msichana bado, nafanya kazi kwa Mama Selvi, Mhindi wa upande wa Watamil. Bwana yake alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda ya sukari. Redio yake ya kaseti haikuwanga inanyamaza. Nyimbo za sinema za kwao: ngoma zinashuka kama mvua yetu ya saa nane, filimbi inaingia, halafu msichana analia kwa sauti tamu mpaka unasahau sabuni.

Akaniwekea sinema yenyewe kwa video. Nikasema, kumbe huyu mrembo ndiye mwenye sauti. Mama Selvi akacheka akashika mbavu. "Hapana, Rispa. Huyu nafungua mdomo tu. Ile naimba iko ingine, nyuma, watu hapana ona."

Ilinifurahisha hiyo. Kila siku niko mbele ya kioo, mdomo unacheza, kaseti inaniimbia.

Sasa, mama yangu huko Khwisero ndiye alikuwa anaanzishanga nyimbo za matanga. Na kulikuwa na wimbo mmoja wa nyumba yetu, wa kuaga mama tu. Binti mkubwa anaanzisha, kaburi bado wazi, wengine wanaitikia. Binti mkubwa ni mimi. Nikienda nyumbani Jumapili ananiita tukichambua mboga: "Rispa, kaa nikufundishe. Mimi si jiwe."

"Mama, hizo ni za kilio. Utanifundisha Krismasi."

Krismasi ikafika, nikamwimbia ile ya Kitamil nikichezesha mikono. Akapiga makofi, kweli alipenda. Halafu akasema polepole, "Ya watu umeshika vizuri hivyo, na haujui inasema nini. Yangu unajua inasema nini, na umekataa kushika."

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema. Mimi nilicheka, nikaomba chai.

Mwezi wa nne akafa. Homa, siku tatu tu.

Kaburini watu wakanigeukia, nianzishe. Maneno sikuwa nayo. Nikafanya kama yule wa sinema: nikafungua mdomo, nikauchezesha, nikingoja mtu aimbe nyuma yangu. Hakuna. Wote walijua kuitikia tu, na huwezi itikia kitu haijaanzishwa. Senge wangu, dada ya baba, akaniinamia kwa sikio. "Mdomo naona unacheza. Sauti ya mama yako umeweka wapi?"

Mama akashuka kimya. Yeye aliyeimbia kila mtu wa kile kijiji.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu nimeyalea mpaka yamezaa. Nimetafuta huo wimbo kwa wazee wote, nimepata kipande cha kuitikia peke yake. Na ile ya Kitamil, mwanangu, bado ninayo yote. Nikiosha sufuria inajileta yenyewe.

Sasa wewe hapa Amalemba unaangalia sinema za Kitamil kwa simu, unachezesha mikono kunishinda. Imba, sijakukataza, ni tamu. Lakini kama kuna mtu ana wimbo wowote wa kwenu, na bado anapumua, nenda ukae miguuni pake leo. Shika neno kwa neno, hata kama ni ya kilio. Usimwambie Krismasi. Kwa sinema kuna mtu nyuma anakuimbia. Kaburini nyuma yako hakuna mtu.

Kwangu usikuje kuuliza. Mimi ni kaseti tupu, na sina wa kunijaza.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe sikio ya mapema na sauti yako mwenyewe. Na siku yangu ikifika, ukikosa la kuanzisha, anzisha hata hiyo ya Kitamil. Usiniache nishuke kimya.