Visanduku vya Maalim Nassor

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye kiwanda cha uchapaji, mwaka 1985, Msimamizi wa Chumba cha Herufi alinipa trei ya herufi za risasi akaniambia nipange jina langu. Nililipanga kwa madaha, likachapika kinyumenyume. Hakucheka. "Bi Rukia," alisema, "usizitazame herufi peke yake. Tazama na nafasi baina yake, msomaji anapumulia hapo." Miaka mingi baadaye, nikitengeneza kurasa za tovuti, bado nilifuata maneno yake: mistari isibanane, pembeni pabaki peupe, na fonti, yaani sura za herufi, zisizidi mbili katika ukurasa mmoja. Nyinyi mnaoweka tano mnajijua.

Kompyuta zilipoingia nilihamishiwa idara iliyohifadhi nyaraka za kale, kule Mji Mkongwe, Unguja. Ilipoanza miaka ya elfu mbili, Mkuu wa Idara akanitaka niiweke orodha ya nyaraka kwenye tovuti. Orodha ile aliiandika Maalim Nassor kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, katika utumishi wake wote. Alikwisha kustaafu, akikaa Bububu. Presha ya macho ilikuwa imemchukua jicho moja na la pili lilikuwa likififia. Alitaka aione kazi yake kabla halijazimika.

Nilipiga chapa majina yote, nikachagua fonti nzuri ya Kiarabu, na kwenye mashine yangu ukurasa ulipendeza mno. Nikaringa. Maalim alipoletwa, Mkuu alimkalisha mbele ya kompyuta ya ofisini kwake.

"Mwanangu Rukia," Maalim alisema, ameinamia kioo, "mie nnaona visanduku vitupu. Macho yangu ndo yashakwisha?"

Hayakuwa macho yake. Zama zile ukurasa haukubeba fonti, uliiazima kwenye kompyuta ya msomaji, na isipokuwamo hutokea visanduku. Mimi nilikuwa nimejaribu kwenye mashine yangu tu.

"Kosa langu, Maalim, si macho yako," nilimwambia. Aibu ile naihisi mpaka leo. "Nipe wiki moja."

"Wiki nnayo," alijibu. "Jicho ndo silidhamini."

Nikaacha kupiga chapa. Nilizichukua kurasa zake mwenyewe, nikaziingiza kwenye tovuti kama picha, mwandiko wake vile vile. Kanuni za kazi yetu zinakataza: picha ni nzito, intaneti ya laini ya simu ni dhaifu, msomaji atachoka kungoja. Safari hii nilijaribu kwanza kwenye mashine ya Mkuu.

Maalim aliporudi, ukurasa ulishuka kutoka juu, mstari baada ya mstari. "Bi Rukia, huu utatumalizia mchana," Mkuu aliguna. Maalim akamnyamazisha kwa mkono. Alisoma kwa sauti kila mstari ulipojitokeza, na uliofuata ulipokawia, alitueleza waraka ule aliupata kwa nani. Ungetokea wote kwa mpigo, jicho lile lingepotelea kwenye mistari.

Sasa nimestaafu, nakaa Mpendae, na vijana wa fani hii huja kuniuliza. Nawaambia wajaribu kwenye mashine ya mtu mwingine, na picha wazipunguze uzito. Wakiniuliza ni ukurasa gani ninaojivunia, nawatajia ule mzito, nao hudhani bibi anatania. Sitanii. Maalim aliusoma wote, na alipofika mwisho akaniomba niurudishe juu.