Ukipiga Magoti Salamu Inakatika

Nta ya nyuki ikipata joto la vidole hutoa kwanza harufu ya asali, halafu ya moshi uliopoa. Huwa naipaka kwenye nyuzi za simu za kale ili zisioze, na kila nikiipaka narudi Sapiwi, kwenye ua wetu wa minyaa, mwaka nilioacha shule nikiwa darasa la tano.

Najua mtacheka mkisikia simu ya uzi. Mzee Hamisi, mwenye duka la vitambaa jirani yangu hapa sokoni Bariadi, hajaacha kucheka mpaka leo. Mimi nauza vyombo vilivyotumika, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakikutana na kitu wasichokielewa huniletea.

"Dada, redio hii inakula betri ngapi?"

Nakigeuza. Hakina mahali pa betri, hakina sumaku, hakina waya wa umeme. Ni kikombe cha mbao tu, chini kimewambwa ngozi nyembamba kama ngoma, na katikati ya ngozi pana tundu lililolika kwa uzi. Hapo najua ni simu, ya watu wa kabla ya nguzo za simu. Ukiuvuta uzi ukakaza, sauti inatembea juu yake mpaka kikombe cha pili.

"Iwekee vocha basi, tumpigie mkwe wangu!" husema Mzee Hamisi, na hucheka kana kwamba ameitunga leo.

Simu yetu sisi ilitoka jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba alikofanya kibarua baba. Zamani, watu wa mzani walisemezana na ofisi kwa vikombe vile. Jineri ilipofungwa viliachwa kwenye takataka, na baba akaviokota kwa kuwa alipenda mbao zake. Alifariki kabla hajapata cha kuvifanyia.

Kisha mama akaanza kukohoa. Hospitali walimpa dawa, wakaagiza alale peke yake na watoto tusimsogelee. Shangazi, dada wa baba, alimhamishia kwenye banda la pamba, ng'ambo ya ua, naye ndiye aliyempelekea chakula. Sapiwi enzi hizo wenye simu za mkononi walikuwa wa kuhesabu, nao walipanda kichuguu kutafuta mtandao. Sisi tulibaki kumpungia mama mikono juu ya minyaa. Kija, wa mwisho kati ya wadogo zangu, hakuwa na kimo cha kuona ng'ambo, akawa anapungia majani.

Mama ndiye aliyevikumbuka vikombe. Alimwagiza shangazi atafute uzi wa kushonea magunia, mimi nikaupaka nta, tukaupitisha juu ya ua. Asubuhi ya kwanza nilikaza, nikaweka kikombe sikioni, na mama akaniingia kichwani kama amesimama nyuma yangu, akiniamkia mwanawe kwa kilugha chetu.

"Mwangaluka, ng'wanawane."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Salama tu. Kwetu ndivyo mtu anavyojibu, hata kama nyumba imeezuliwa na upepo. Mengine hufuata baadaye. Kwa mama mengine hayakufuata. Alihamia moja kwa moja kwenye uji, ndama na nywele za Kija.

Zamu ya Kija ndiyo iliyotushinda. Binti aliyefunzwa hamwamkii mzazi akiwa wima, na Kija alikuwa amefunzwa hasa. Akikipokea kikombe alipiga magoti papo hapo. Uzi ukashuka, ukalalia minyaa, sauti ikafa.

"Mama hanijibu," akalia.

"Simama," nikamwambia.

"Nimwamkie mama nimesimama? Mimi siyo ng'ombe!"

Mama alikuwa akicheka ng'ambo ya pili. Tulimsikia bila simu. Nilipomshika Kija kwapani nikamnyanyua, sauti ikarudi. "Simama, ng'wanawane. Ukipiga magoti salamu inakatika." Tangu siku hiyo Kija aliamkia akiwa wima juu ya gogo, amekunja goti moja kidogo kwa aibu, na mimi nikimshikilia asishuke zaidi.

Uzi, hata hivyo, haukuchagua cha kuleta. Ulileta na kikohozi. Mwanzo mama alikiweka kikombe pembeni akakohoa, akimaliza ndipo arudi. Baadaye kikohozi kikawa kinamwahi. Nilisikia pumzi ikikwaruza, nikasikia anavyojikaza ili aseme lile neno lake, mhola duhu, kwa sauti ya mtu aliyebeba gunia. Kija aliniuliza kwa nini namnyang'anya kikombe. Nikamwambia ameshachoka mkono.

Asubuhi moja nilivuta, uzi ukaja wote. Ulikuja mwepesi juu ya minyaa mpaka miguuni pangu, bila kitu upande wa pili.

Nilidhani umekatika. Niliupaka nta upya, nikamsihi shangazi akaufunge kwenye kikombe cha mama. Alikwenda na uzi, akarudi nao.

"Mama yako anasema mhola duhu."

"Basi aniambie mwenyewe!"

"Mikono imemchoka, mwanangu. Mwache."

Nikabaki nimesimama na kikombe, pamba imepasuka shambani na hakuna wa kuichuma, wadogo zangu wananitazama kama mtu anayejua la kufanya. Sikuwa na la kufanya. Niliweka kikombe sikioni nikasikia upepo. Kija akaniuliza mama amesemaje. Nikamwambia, mhola duhu. Tulimzika kabla magunia hayajajaa.

Niliwalea wadogo zangu kwa jembe, kisha kwa vyombo. Vikombe vile nilivihifadhi kwenye gunia na uzi wake, na nadhani ndivyo vilivyonifanya nitafute vingine.

Mwaka huu mtu aliniletea kikombe kutoka Mwandoya, uzi ukining'inia. Mzee Hamisi akauliza nitajuaje kama panya wameukata. Nikamwonyesha: uzi uliokatika huchanua ncha kama mswaki wa mti. Uliofunguliwa kwa mikono hubaki na mkunjo wa fundo, hata ukikaa miaka, maana nta huushikilia.

Nilisikia maneno yangu mwenyewe. Nikafunga kibanda mapema.

Nyumbani nilitoa uzi wetu kwenye gunia. Ncha ya upande wa mama haikuchanua. Imekaa na mkunjo wake, mdogo, wa fundo lililofunguliwa taratibu na vidole visivyo na nguvu. Hakutaka tusikie yaliyokuwa yakija.

Nilikitoa na kikombe chake, nikakiweka juu ya stuli. Nikapiga magoti, nikijua vizuri kwamba ukipiga magoti sauti haifiki, nikamwamkia hivyo hivyo.