Jagi Lililorudishwa Kwenye Ndoo

Nyumbani walimwita Bi Nusu. Jina lilitoka kwa baba yake, fundi cherehani ambaye uzi mmoja ukining'inia kwenye pindo humkosesha usingizi. Na hakumwonea bintiye: sweta alilolianza liliishia makwapani, na gitaa alilichoka kabla vidole havijaota sugu. "Huyu akianza kupiga chafya, mmalizieni," baba alipenda kusema, nyumba nzima ikacheka. Naye alicheka, maana utani ukiununia ndipo unaponenepa.

Basi likizo ndefu ilipofika akaenda kambi ya sanaa ya vijana, akachagua ufinyanzi. Aliapa kimoyomoyo kwamba atarudi na jagi la maji alilolimaliza kwa mikono yake, aliweke mezani mbele ya baba, na lile jina life.

Ufinyanzi si lelemama. Udongo usipokandwa hewa yote ikatoka, chombo hupasuka tanurini. Gurudumu la kufinyangia nalo lina kiburi: ukilegeza kiwiko tu, linakurushia tope usoni. Mwalimu wao, mama wa makamo mwenye kicheko cha karibu, alimshika viwiko akamwambia, "Usiogope, mwanangu. Kibaya cha mkono wako ni bora kuliko kizuri cha kuazima." Binti akampenda mno. Akamwambia hata habari ya lile jina, na jinsi linavyomuuma, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Jagi la kwanza liliporomoka. La pili likaota kitambi. La tatu likasimama. Lilikuwa limeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza umbea mlangoni, na kishikio kilikuwa kinene kupita kiasi, lakini lilikuwa jagi na lilikuwa limekwisha. Akaliweka rafuni likauke, lisubiri zamu yake ya kuchomwa.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa ukumbini. Jagi lililokaa juu ya karatasi yenye jina lake lilikuwa limenyooka, shingo nyembamba, kishikio kimejikunja kwa madaha. Baba alikuwa ameshalichukua, anapitisha kidole kwenye ukingo kama anavyokagua mshono.

"Kumbe mkono unao," akasema. "Na umemaliza kweli."

Maneno hayo binti aliyangoja miaka. Alitamani ardhi immeze.

Akamvuta mwalimu hadi nje, nyuma ya tanuri. "Mwalimu, lile si langu. Langu liko wapi?"

"Nililirudisha kwenye ndoo, mwanangu. Chombo kisichochomwa ukikiloweka kinakuwa udongo tena. Nikalifinyanga upya. Udongo ni ule ule wako."

"Lakini nilikuwa nimelimaliza."

"Lilipinda. Na wewe mwenyewe uliniambia habari za baba yako, nikaona nikusitiri." Akampapasa bega. "Halafu wafadhili wa kambi wapo. Wanataka kuona vitu vimesimama."

Kikulacho ki nguoni mwako. Adui angelivunja jagi akakimbia. Huyu alilipondaponda kwa mapenzi, kisha akaitumia siri yake kama sababu. Binti alihisi amesalitiwa na mkono uleule uliomshika viwiko.

Nyumbani jagi likapewa nafasi katikati ya meza. Shangazi alipokuja, baba alilinyanyua kwanza kabla hata ya kumkaribisha kiti, akaeleza kazi ya bintiye kwa fahari ambayo binti hakuwahi kuiona. Alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na akashindwa kukivumilia.

"Baba, hilo sikulitengeneza mimi. Ni mwalimu."

Baba akaliweka chini taratibu. "Na lako?"

"Nililimaliza, baba. Lilipinda kidogo tu. Mwalimu akalirudisha kwenye ndoo, likawa udongo."

Shangazi akatazama dirishani. Baba hakukasirika, heri angekasirika.

"Sawa, mama," akasema, kwa upole ule anaowapa wateja wenye visingizio, akarudi kwenye cherehani yake.